Chini ya Mstari Kuna Ngozi

Mtoto wa kike amekaa kwenye mkeka, kichwa amekiegemeza magotini mwa bibi yake, anasukwa twende kilioni. Nilimchora kwa kalamu ya wino kwenye karatasi, nikaipitisha karatasi kwenye skana, kisha nikampaka rangi kwenye kompyuta: ngozi ya kahawia iliyokolea, gauni la njano, mkeka wa ukindu wenye zambarau na kijani. Kitabu ni cha watoto wa darasa la pili. Nilipochapa ukurasa wa majaribio na kumpelekea mhariri, aliushika mbali na macho, akausogeza karibu, akaniuliza swali moja: "Huyu mtoto anacheka au analia?"

Nilimjibu kwamba mbona anaonekana wazi. Hakubisha, alinirudishia karatasi tu. Nikaitazama kwa umbali ule ambao mtoto anatazama kitabu kilicholala dawatini, nikaona kasema kweli. Gauni lilionekana hadi mkunjo wa mwisho. Mkeka ulihesabika ukili kwa ukili. Uso ndio uliozama. Mstari wa mdomo, wa tundu za pua, wa kope, yote ilikuwa myeusi, na ngozi niliyompa mtoto haikuwa mbali na weusi huo. Kilichochora uso ndicho kilichoufunika.

Dawa yake wachoraji wanaijua: unabadilisha rangi ya mstari. Mistari ya ngozi unaipa kahawia nzito yenye wekundu kidogo, ya gauni unaipa rangi ya haradali, ya mkeka zambarau iliyoiva, na weusi unauacha pale tu unapostahili kuwa weusi. Niliamini ni kazi ya dakika kumi. Ilinichukua usiku mzima na kipande cha asubuhi, na tangu hapo nimekuwa nikiurudia usiku ule kichwani, kwa sababu kila kosa nililolifumbua lilikuwa limekalia kosa jingine, na lililokuwa chini ya yote lilinifundisha jambo ambalo miaka yangu ya kuchora haikuwa imenifundisha.

Natumia Krita, programu ya bure ambayo jina lake ni neno la Kiswidi lenye maana ya chaki. Kama programu nyingine za kuchorea, inaipanga picha kwa matabaka, moja juu ya jingine, mfano wa karatasi za plastiki zinazopitisha mwanga. Chini kabisa kuna tabaka jeupe la usuli, juu yake ngozi, juu yake nguo, na juu ya yote tabaka la mistari. Kila tabaka lina mipangilio yake: linaonekana au limefichwa, ni zito au jepesi, na linachanganyikaje na yaliyo chini yake. Namna hiyo ya kuchanganyika ndiyo wachoraji huiita modi. Tabaka la mistari nilikuwa nimeliweka kwenye modi ya Maltiplai, yaani kuzidisha, kama nilivyofundishwa na kama nilivyowafundisha wengine.

Nikafungua tabaka jipya juu ya mistari. Nikabofya alama ya alfa, ile inayoliamuru tabaka lifuate umbo la kilicho chini yake, ili rangi yangu ikae ndani ya mstari na isitoke nje. Modi nayo nikaiweka Maltiplai, kwa mazoea. Nikachagua kahawia, nikapitisha kalamu juu ya mdomo wa mtoto.

Mdomo ulibaki mweusi. Ngozi inayouzunguka ndiyo iliyobadilika, ikawa na doa zito kama alama ya vidole vyenye mafuta. Nikapitisha tena juu ya kope, yakatokea yale yale. Rangi ilikaa kila mahali isipokuwa pale nilipoitaka.

Nakumbuka nilivyohangaika, na mtu yeyote aliyewahi kukaa mbele ya mashine isiyomsikia atanielewa. Nilishuku kalamu, nikaibonyeza kwa nguvu zaidi. Nilishuku burashi, nikabadilisha tatu. Nilishuku kahawia yenyewe, nikachukua nyekundu ya kupiga kelele, nayo ikamezwa vivyo hivyo. Nikafunga programu nikaifungua upya. Saa nzima ilipita nikimtafuta mchawi kwenye vitu vilivyokuwa mkononi mwangu, kwa kuwa hivyo ndivyo nilivyoviona. Mipangilio haionekani. Iko pembeni ya skrini, imeandikwa kwa herufi ndogo, na kitu ulichokipanga wewe mwenyewe miezi iliyopita hukioni tena kama uamuzi. Unakiona kama ukuta wa nyumba.

Kilichonitoa ni jambo dogo. Kila tabaka kwenye orodha lina alama ya jicho. Ukiibofya, jicho linafumba na tabaka linatoweka. Nikaanza kuyafumba macho, moja baada ya moja: tabaka jipya la kahawia, usuli, ngozi, nguo, mkeka. Nilitarajia kwamba mistari ikibaki peke yake nitaiona inaelea juu ya vimraba vya kijivu na vyeupe, ambavyo ndivyo programu huonyesha mahali pasipo na kitu. Sikuona kimraba hata kimoja. Niliona karatasi nyeupe, nzima, kutoka ukingo hadi ukingo, ikiwa na mtoto wangu mweusi kwa wino katikati.

Tabaka nililoliita "mistari" halikuwa mistari. Lilikuwa picha ya karatasi. Skana haijui wino ni nini. Inachukua kila kitu kilicho mbele yake, na sehemu kubwa ya kilichokuwa mbele yake ilikuwa weupe. Na kwa miaka yote niliyofanya kazi hivi sikuugundua weupe huo, kwa sababu Maltiplai ilikuwa inauficha. Modi hii inachukua rangi mbili na kuzizidisha. Katika hesabu yake nyeupe ni moja, na chochote ukikizidisha kwa moja kinabaki kilivyo. Karatasi ilikuwa imelala juu ya rangi zangu zote, na wala haikuacha kivuli. Alfa iliposema "fuata umbo la kilicho chini", ilitii: umbo la kilicho chini lilikuwa karatasi yenyewe.

Neno alfa lina historia fupi ambayo napenda kuikumbuka. Mwaka 1977, kwenye New York Institute of Technology huko Marekani, Ed Catmull na Alvy Ray Smith waliamua kwamba kila nukta ya picha ya kompyuta, pamoja na nambari zake za nyekundu, kijani na bluu, ibebe nambari ya nne inayosema nukta hiyo ipo kwa kiasi gani. Wakaiita kwa herufi ya Kigiriki iliyokuwa kwenye hesabu yao ya kuchanganya picha mbili. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff wakaandika kanuni za kuzipanga picha za namna hiyo moja juu ya nyingine, na kanuni hizo bado zinafanya kazi ndani ya programu tunazozitumia leo. Tulichozoea kukiona kama jambo jepesi, kwamba pasipo na wino pana uwazi, kilihitaji mtu akiwaze na kukipa nambari. Nyeupe na uwazi ni vitu viwili. Nyeupe ni kitu kilichopo. Uwazi ni kukiri kwamba hapa hapana kitu.

Basi nikaitoa karatasi. Krita ina kichujio kinachogeuza rangi fulani kuwa uwazi; GIMP nayo inacho, na Clip Studio Paint ya Wajapani ina amri inayogeuza mwanga kuwa uwazi. Nilichagua nyeupe, nikathibitisha, na vimraba vikajitokeza nyuma ya mtoto.

Hapa ningependa msomaji asogee karibu nami. Vuta picha hadi asilimia mia nane, kwenye pembe ya mdomo. Ulichodhani ni mstari mweusi sasa ni ngazi ya vijimraba: katikati vyeusi tii, kisha pembeni vya kijivu kizito, kijivu chepesi, kijivu kinachokaribia kuwa hewa. Wino kwenye karatasi haukatiki ghafla. Unaingia kwenye nyuzi zake na kufifia. Kuna wanaofuta karatasi kwa kuchagua eneo jeupe na kulikata, na wakimaliza wanashangaa mistari yao imezungukwa na ukungu mweupe. Ukungu huo ni vile vijimraba vya ukingoni, vilivyokuwa nusu wino na nusu karatasi, na mkasi haujui nusu. Kichujio kinavisoma kimoja kimoja: kilichokuwa kijivu kinakuwa cheusi kilicho wazi nusu, na ukungu unaondoka. Kwa mchoraji, ukingo huo ndio mkono wake. Pale kalamu ilipotetemeka, pale ilipokaa sekunde moja zaidi, kote kumeandikwa humo.

Nikarudi kwenye tabaka langu la kahawia nikiwa na uhakika. Rangi bado ilimwagika nje ya mstari.

Safari hii sikukasirika. Nilikuwa nimeonja faida ya kuuliza, nikauliza tena: alfa inafuata umbo la nani hasa? Katika Krita mpangilio huo unaitwa kurithi alfa, na jina hilo ni la kweli kuliko nilivyodhani. Tabaka halirithi kutoka kwa jirani yake wa chini peke yake. Linarithi kutoka kwa wote walio chini yake katika kundi lake, kama mtoto anayepewa sura na ukoo mzima. Chini ya mistari yangu kulikuwa na nguo, na ngozi, na chini kabisa lile tabaka jeupe la usuli lililojaa ukurasa wote. Urithi wa mwenye kila kitu ni kila kitu. Ilibidi niwatenge: nikaichukua mistari na tabaka la kahawia, nikaviweka kwenye kundi lao wenyewe, kama kujenga uzio kuzunguka nyumba moja. Ndani ya uzio, aliye chini alikuwa mmoja tu. Rangi ikaacha kumwagika.

Hata hivyo mstari ulibaki mweusi.

Kosa hili la tatu ndilo lililokuwa jepesi zaidi kulieleza, na ndilo lililoniumiza. Tabaka la kahawia lilikuwa bado kwenye Maltiplai. Kompyuta huandika rangi kwa nambari tatu kuanzia 0 hadi 255, na nyeusi ni 0, 0, 0. Kahawia yangu ilikuwa 70, 32, 22. Zidisha sabini kwa sifuri. Zidisha chochote kwa sifuri. Ningeweza kupaka dhahabu usiku kucha. Nilibadilisha modi iwe ya kawaida, ile inayofunika kilicho chini, na kwa mara ya kwanza nikaona ncha ya mstari ikigeuka kahawia, ukingoni mwa ukurasa, pale mstari wa bega ulipotoka nje kidogo ya rangi na kukaa juu ya weupe wa usuli.

Nilipumzika hapo, nikajiuliza mstari mweusi ulitoka wapi hata ukawa na amri kiasi hiki. Mimi sikuuchagua. Nilianza kuchora kwa kunakili katuni za magazeti, na magazeti yalichapwa kwa wino mweusi. Hata kwenye uchapaji wa rangi, ambako picha hujengwa kwa wino nne, samawati, majenta, njano na nyeusi, mstari mweusi unabebwa na pleti moja tu, yaani bamba la kuchapia wino mmoja. Pleti zikisogea kidogo mashineni, mstari unabaki mkali. Mstari wa kahawia hujengwa kwa vidoa vya wino tatu au nne, na pleti zikisogea unapata mstari wenye kivuli cha pinki upande mmoja. Matbaa ilikuwa na sababu yake, sababu ya haki, na sisi tuliorithi umbo la mstari tulirithi na weusi wake bila kuambiwa sababu.

Kwenye filamu za katuni hadithi inafanana. Disney ilipotengeneza Snow White, filamu iliyotoka mwaka 1937, wanawake wa idara ya wino na rangi walifuatisha mistari kwa mkono juu ya plastiki, na mahali pengi walitumia wino wa rangi, ili shavu lisizungukwe na waya mweusi. Mwaka 1961, katika filamu ya mbwa wa madoadoa, One Hundred and One Dalmatians, studio hiyo ilitumia mashine ya Xerox kuhamisha mistari ya penseli moja kwa moja hadi kwenye plastiki. Gharama ilishuka sana, na mstari ukawa mweusi. Uliwapendeza wengi na una uhai wake. Lakini angalia mpangilio wa mambo: mstari wa rangi ulikuwepo kabla ya mashine, kwa sababu mtu alikaa akaamua kila mmoja uwe rangi gani. Mweusi ulirudi pale mashine ilipoamua.

Saa kumi alfajiri nilirudi kwenye uso wa mtoto. Nikapaka kahawia kwenye mdomo, kope, pua, mstari wa shavu, sikio. Nikarudi nyuma kidogo kwenye kiti. Uso ulikuwa bado umezama.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kweli, kwa sababu hapakuwa tena na kosa nililolijua. Mstari ule ule uliokuwa kahawia juu ya weupe ulikuwa karibu mweusi juu ya ngozi. Nikachukua kidonezi cha rangi, kile kinachokuambia nukta fulani ina nambari gani. Juu ya usuli mweupe: 70, 32, 22, kama nilivyopaka. Juu ya shavu: 30, 9, 4.

Nikatazama orodha, nikaliona. Nilipoijengea mistari uzio wake, niliupa uzio mzima modi ambayo mistari imekuwa nayo siku zote, Maltiplai. Sikufikiri, mistari na Maltiplai kwangu vilikuwa kitu kimoja. Basi kila kahawia niliyoipaka ilikuwa inazidishwa kwa kilicho chini yake. Ngozi ya mtoto ilikuwa 110, 68, 46. Sabini mara mia na kumi, gawanya kwa 255, unapata thelathini. Thelathini na mbili mara sitini na nane, gawanya, unapata tisa. Ishirini na mbili mara arobaini na sita, nne. Giza.

Nikafanya hesabu nyingine kwenye pembe ya karatasi, na hii ndiyo iliyoniweka macho hadi jua lilipotoka. Je, kama mtoto huyu angekuwa na ngozi nyeupe, tuseme 240, 205, 180? Nikazidisha. Mstari ungekuwa 66, 26, 16. Yaani kahawia ile ile, imepungua kwa kiasi ambacho jicho halikioni. Ningefurahi, ningehifadhi faili, ningelala. Nisingejua kamwe kwamba kuna kitu kinachozidishwa kwa kingine.

Hesabu haina chuki na mtu. Inafanya kwa uaminifu kile ilichoambiwa, na ni hesabu ile ile inayonipa vivuli vizuri vya nguo. Lakini ushauri wa kwamba mistari huwekwa kwenye Maltiplai una sharti ndani yake ambalo halisemwi: kwamba chini ya mstari kuna mwanga. Mafunzo niliyojifunzia yalikuwa na wahusika wenye ngozi nyepesi, na kwao sharti hilo lilitimia lenyewe, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kulitaja. Nililibeba na kulileta kwenye mkeka wa ukindu, kwa bibi na mjukuu, ambako halikutimia, na kwa muda mrefu nikadhani udhaifu ni wa mkono wangu. Nilikuwa nimeanza hata kuwapunguzia wahusika wangu rangi. Nakiri hilo kwa uzito. Miaka miwili iliyopita nilichora vitabu ambamo watoto wote wana ngozi ya chai yenye maziwa mengi, na mtu akiniuliza nilisema nyuso zinasomeka vizuri hivyo. Ilikuwa kweli, zilisomeka. Sikujua kwamba nilikuwa nabadilisha watu ili kuutii mpangilio.

Pwani jambo hili tunalijua kwa njia nyingine. Bibi harusi akipambwa, hina inawekwa kwenye ngozi, na piko, ule wino mweusi, unachora maua na mizunguko. Mpambaji yeyote anajua kwamba hina haiwezi kuonekana juu ya piko. Hina ni rangi inayopenya. Inaongeza uzito juu ya kilichopo, na juu ya cheusi haina cha kuongeza. Hiyo ndiyo Maltiplai. Upande wa pili kuna picha za Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za mafuta zinazong'aa juu ya mbao, rangi nzito zinazofunika, na kwa rangi za namna hiyo unaweza kuweka doa jeupe juu ya ndege mweusi na likakaa jeupe. Hiyo ndiyo modi ya kawaida. Mabibi zetu na mafundi wetu hawakuhitaji kompyuta kujua tofauti ya rangi inayopenya na rangi inayofunika, na hawakuchagua moja kabla ya kutazama ngozi au mbao iliyo mbele yao. Kwanza walitazama kilicho chini.

Nikabadilisha kundi liwe la kawaida. Karatasi ilikwishaondoka, kwa hiyo Maltiplai haikuwa na cha kuficha tena. Bofyo moja. Mdomo ukatokea.

Wiki chache baadaye kijana mmoja ninayemsaidia kazi za kuchora alinipigia simu, sauti imechoka. "Dada, rangi zimegoma. Kila nikipaka inatoka kijivu."

Zamani ningemwambia azime awashe. Nilimuuliza, "Ukifumba matabaka mengine yote, unaona nini?"

"Naona mistari, dada, na vimraba nyuma yake."

"Vizuri, karatasi umeitoa. Ukipaka nyekundu?"

"Kijivu. Na kijani, kijivu. Kahawia ndiyo kabisa."

"Mdogo wangu, karatasi uliipitisha skana ya namna gani?"

Akanyamaza kidogo. "Ya nyeusi na nyeupe. Ya rangi bei yake ilikuwa kubwa."

Hilo ndilo lililokuwa. Faili iliyozaliwa kwenye skana ya kijivu inabaki na nafasi ya kijivu, na ndani ya nafasi hiyo nyekundu haina mahali pa kukaa. Kinachohifadhiwa ni mwanga wake tu. Nilimwelekeza pa kubadilisha nafasi ya rangi ya picha nzima iwe ya nyekundu, kijani na bluu, na nikasikia pumzi yake upande wa pili wa simu. Kosa lake halikuwa hata moja kati ya yale manne yangu. Lakini maswali yalikuwa yale yale: tabaka hili ni nini hasa, limetoka wapi, limepokea nini kwa walio chini, na limepangwa kuamini nini kuhusu kilicho chini yake.

Nimeshika na desturi moja zaidi tangu usiku ule. Kuna njia fupi ya kubadilisha rangi ya mstari: unafunga uwazi wa tabaka, kisha unapaka moja kwa moja juu ya wino, na wino wenyewe unageuka. Ni haraka, na siku ya haraka siilaumu. Lakini mimi huweka rangi kwenye tabaka la juu, nikauacha wino chini yake kama ulivyotoka kwenye kalamu. Nikihitaji kuona nilichokichora kabla ya kukipanga, nafumba jicho moja, na mstari wa kwanza unarudi na mtetemeko wake wote.

Mchapaji alinionya kuhusu mistari ya rangi, kwa sababu ile ile ya pleti, na alikuwa na haki. Tulikubaliana niinenepeshe kidogo mistari ya uso ili pleti zikisogea isivunjike. Nywele niliziacha nyeusi, na mboni za macho, na uzi wa kusukia kati ya vidole vya bibi. Weusi huo niliuchagua mimi. Ukikaa karibu na kahawia ya shavu unang'aa, na unaona jinsi kila njia ya nywele ilivyogawanywa kwa kitana kabla ya kusukwa.

Nilimpelekea mhariri ukurasa wa majaribio wa pili. Aliushika mbali na macho, na safari hii hakuusogeza karibu. Alicheka kidogo, kisha akagusa kichwa chake mwenyewe, pale juu ya sikio, mahali ambapo msusi akivuta unasikia hadi kwenye jino. Mtoto kwenye mkeka hacheki wala halii. Ameuma mdomo wa chini, amekaza macho, anavumilia. Nilimchora hivyo tangu siku ya kwanza.